Futi ya cherehani porini: jinsi ya kupima msitu wa kijiji hadi namba zako zifike kwa madiwani

Mimi ni fundi cherehani, upande wa Rondo, mkoani Lindi. Nashona sare za shule na madera, na pesa ya ufuta ikiingia nashona hadi saa sita usiku maana kila nyumba ina harusi. Ukatibu wa kamati ya maliasili ya kijiji nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sifa nyingine sikuwa nayo. Kuhusu msitu nilijua kuni, uyoga na njia ya kwenda shambani.

Naandika haya kwa wanakamati wenzangu wa vijiji vingine, na kwa vijana wanaoajiriwa wilayani kama maafisa misitu. Kuna kazi moja ambayo sisi hatukufundishwa na mtu: kuitoa namba porini na kuifikisha mahali inapoamuliwa sheria. Wataalamu waliowahi kupita kwetu kazi ya kwanza waliijua vizuri. Walipima, wakatushukuru, wakapanda gari. Namba zilikokwenda hatujaambiwa hadi leo. Kijiji kilibaki na kofia mbili, na moja naiona shambani kwa jirani yangu kwenye sanamu ya kufukuzia ndege.

Anza na swali

Kabla hujanunua futi wala kamba, kaeni mkubaliane mnataka kujua nini. Kamati yetu ilipokutana mara ya kwanza kila mtu alishamjua mchawi: wachoma mkaa. Hoja ilikuwa tukapime "uharibifu wa mkaa", tupeleke wilayani, wachoma mkaa wafukuzwe. Tungefanya hivyo tungetumia miezi kuthibitisha jambo tulilokwisha kuliamini.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kamati, ambaye ndiye anayetutajia majina ya miti. Alisema, "Twendeni kwanza tukaone pengo lina nini ndani yake." Basi Julai, ufuta umeshavunwa na njia zinapitika, tukazunguka mpaka wa msitu siku tatu. Kila tulipokuta pengo tuliandika kilichomo: visiki vilivyochomwa, mabua ya ufuta, tanuri la mkaa, vumbi la mbao, zizi. Palipokuwa na mabua na tanuri pamoja tuliuliza watu wa karibu kipi kilitangulia. Jibu lilitushangaza. Mara nyingi shamba lilitangulia. Mtu amefyeka apande ufuta, magogo yamelala, akaona hasara kuyachoma bure, akayapanga tanuri. Mkaa ulikuwa pesa ya juu tu. Ukimkamata mchoma mkaa, shamba bado litafyekwa.

Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta tafiti za nchini zimeona hivyo hivyo kwa upana zaidi: kilimo ndicho chanzo kikuu cha moja kwa moja cha kupotea kwa misitu Tanzania. Lakini mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima, na marufuku yenyewe haikukaa, maana mjini watu walitaka kupika. Silaumu. Hata sisi tulikuwa tunaelekea huko huko, tukiwa na futi mkononi.

Kwa hiyo swali letu likageuka: ni eneo gani la msitu linageuka shamba kila mwaka, na kinachopotea hapo ni kiasi gani? Likiandikwa hivyo, unajua upime nini. Eneo, na uzito wa miti.

Kupanga ploti

Msitu mzima huwezi kuupima. Unapima vipande vichache, ndizo ploti, na kuvifanya vizungumze kwa niaba ya vingine, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya bila kukusudia. Miguu hupenda njia, na macho hupenda mkongo mnene. Ukiachia kamati ichague, ploti zote zitaangukia penye kivuli kizuri karibu na barabara.

Chukua ramani ya msitu wenu kutoka kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, uichore mistari iliyopishana kama kitambaa cha drafti. Mahali pa kuanzia mstari wa kwanza papatikane kwa kura, karatasi kwenye kofia. Mistari inapokutana ndipo penye ploti, hata kama ni kwenye miiba, hata kama ni kwenye uwazi usio na mti hata mmoja. Ploti tupu nayo ni habari, iandike sifuri. Kijana wetu mmoja alitaka kusogeza moja "kidogo tu" kwa sababu katikati yake palikuwa na kichuguu chenye nyoka. Tulimsubiri nyoka.

Ploti yetu ni duara yenye nusu kipenyo cha mita 15. Mtu mmoja anasimama katikati na ncha ya kamba, mwingine anazunguka. Eneo lake ni mita za mraba 707 hivi, kwa hiyo hesabu ya ploti moja ukiizidisha mara 14.1 unapata ya hekta. Kwenye mteremko kamba ishikwe usawa hewani, isilale ikafuata kilima. Ikilala, duara lako linapungua na hujui.

Katikati ya ploti weka alama ya kudumu, kwa sababu utarudi. Hapa nina ushauri ambao hutaukuta kwenye mwongozo wa maabara: usichimbie nondo. Tulichimbia nondo, na wanunuzi wa vyuma chakavu walizijua ploti zetu kabla ya afisa misitu. Sasa tunazika jiwe lililopakwa rangi chini kidogo ya udongo, tunaandika namba za GPS kutoka kwenye simu, na tunaandika kwa maneno pia: "hatua 40 mashariki ya mtondoro uliopigwa radi." Simu inaweza kukosea mita kadhaa, mtondoro uliopigwa radi watoto wote wanaujua.

Futi kwenye mti

Mti unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, karibu kote duniani, ili mti wa Liwale na wa Brazil iweze kulinganishwa. Kata mwanzi wa urefu huo, uegemeze kwenye shina, pima pale unapoishia. Usikadirie kwa kifua chako. Kamati yetu ina watu wa vifua vya kila kimo.

Mengine ni ya kujifunza kwa jasho. Penye mteremko simama upande wa juu. Mti ulioinama, mwanzi uufuate mwinamo wake. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, hesabu mashina mawili. Likigawanyika juu, ni moja. Mti wenye mizizi iliyopanda shinani kama mbawa, pima juu ya mbawa hizo na uandike umepima wapi. Mitambaazi iondolewe chini ya futi, usiipime pamoja na mti. Mti ulio kwenye mstari wa duara unahesabiwa ikiwa katikati ya shina ipo ndani. Mkavu uliosimama uwe na safu yake.

Jina la mti liandikwe kama mzee anavyolitamka. Mti mmoja huku una jina la Kimwera na jina la Kimakonde, na watu wanaweza kubishana hadi jua lizame. Andika yote mawili, chukua tawi lenye jani, mpe afisa misitu atafute jina la kitaalamu. Mpingo na mninga hakuna anayekosea. Ni ile miti isiyouzika ndiyo inayopotezwa majina, nayo ndiyo mingi.

Sasa niseme kosa langu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa hatuna utepe wa misitu. Nikatoa futi yangu ya cherehani, sentimita 150, nikawa ndiye mpimaji. Fomu ilikuwa na safu imeandikwa "kipenyo". Mimi tangu nijifunze kushona sijawahi kupima kipenyo cha kiuno cha mtu. Nazungusha futi, nasoma, naandika. Nikazungusha kwenye mti, nikasoma, nikaandika. Ploti baada ya ploti, mzingo ukaingia safu ya kipenyo.

Kijana wa misitu wilayani alipoingiza kwenye kompyuta alinipigia simu anacheka. "Mama katibu, msitu wenu huu ukianguka Lindi nzima inazama." Alikuwa na haki. Kipenyo ni mzingo ugawanye kwa 3.14, lakini uzito haukui sawa na kipenyo, unakua kwa kasi zaidi. Kosa langu halikuuongeza msitu mara tatu. Liliuongeza mara kumi na saba.

Hesabu ya mti mmoja

Niipitie hapa ili uione kasi hiyo mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walikata miti ya miombo katika mikoa kadhaa, Lindi ikiwamo, wakaipima na kuikausha, wakapata fomula inayokuwezesha kujua uzito wa mti uliosimama bila kuuangusha. Uzito mkavu wa juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.1027 mara kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha 2.4798. Laza simu ubavu, kikokotoo kinaleta alama ya kipeo.

Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha 30. Fomula inatoa kilo 473 hivi. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni. Kiwango kinachotumika sana ni 0.47, kwa hiyo kilo 222. Kaboni hiyo ikichomwa inachukua oksijeni hewani na kuwa hewa ukaa, na uzito unapanda kwa 44 kugawanya 12. Unapata kilo 815 za hewa ukaa, mti mmoja, ambao bibi yangu angeuita wa kawaida tu.

Sasa futi ikilegea, ukaandika 33 badala ya 30. Kosa la moja ya kumi. Uzito unakuwa kilo 599, kosa la asilimia 27. Na lile kosa langu kubwa, 94 kwenye safu ya kipenyo, linatoa mti wa tani nane. Ndiyo maana siku hizi kila ploti inapimwa na watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anarudia kwa sauti kabla ya kuandika, na kila ploti ya kumi inarudiwa na kundi jingine ambalo halijaona karatasi ya kwanza.

Fomula hii ni ya miombo. Usiipeleke kwenye mikoko ya Mnazi Bay, wala juu Rondo kwenye msitu mzito wa uwanda, wala kwenye mnazi, ambao una tabia zake.

Namba yako inakwenda wapi

Wengi huuliza: vipimo vya kijiji kimoja vina faida gani kwa nchi? Tazama nchi yenyewe ilivyofanya. Kati ya mwaka 2009 na 2014, kwa msaada wa Finland na shirika la FAO, serikali iliendesha tathmini ya rasilimali za misitu iliyoitwa NAFORMA. Watu walitembea na kamba na futi kama sisi, Tanzania Bara yote. Walipata hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi ya Bara, na karibu nusu ya misitu hiyo ipo kwenye ardhi za vijiji. Namba hiyo ya mwisho ikariri. Ukikutana na mtu anayedhani misitu ni ya serikali na sisi ni wageni ndani yake, mpe hiyo.

NAFORMA ilisema tunapoteza hekta 372,816 kwa mwaka. Baadaye ikatoka hesabu nyingine: 469,420. Kwenye semina moja nilimsikia mtu akisema kwa hasira kwamba wataalamu hawajui wanachosema. Nilinyamaza, ila haikuwa hivyo. Ukibadilisha miaka unayoilinganisha, picha za satelaiti na tafsiri ya "msitu" ni nini, namba lazima isogee. Kwa tafsiri ambayo Tanzania ilipeleka kwenye mkataba wa tabianchi, msitu ni eneo la angalau nusu hekta, lenye miti inayofunika asilimia 10 au zaidi, inayofikia urefu wa mita 3. Sasa simama kwenye shamba la mikorosho mikubwa Nachingwea au Masasi utazame juu. Kwa satelaiti, mkorosho uliokomaa na miombo michanga vinaweza kufanana sana. Anayeweza kusema "hapo ni kwa mjomba, palipandwa" ni mtu aliyefika kwa miguu. Kipimo chako cha chini ndicho kinachoisahihisha picha ya juu.

Na picha hizo zikishasahihishwa zinakuwa kiwango rejea: makadirio ya hewa ukaa ambayo ingetoka kama mambo yangeachwa yaendelee kama zamani. Huu ni mzizi wa MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na kukatwa na kuharibiwa kwa misitu, ambao kwa Kiingereza huitwa REDD+. Mazungumzo yake yalianzia Montreal mwaka 2005, yakapita Bali mwaka 2007, na kanuni zake kuu zikapitishwa Warsaw mwaka 2013. Nchi inayotaka kulipwa kwa kutunza misitu lazima iwe na kiwango rejea na mfumo wa kufuatilia. Wetu unaratibiwa na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kilichopo SUA. Na ahadi ambayo nchi iliitoa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kuendelea kama kawaida, haiwezi kukaguliwa bila namba za namna hii.

Kijijini nalieleza kwa gunia. Hulipwi kwa gunia la ufuta lililomo ghalani. Unalipwa kwa lile ambalo panya wangelila na wewe ukawazuia. Kwa hiyo lazima kwanza watu wakubaliane panya walikuwa wanakula mangapi.

Ukilielewa hilo, huuziwi mbuzi kwenye gunia na hawa wanaokuja na karatasi za kaboni. Akija mtu akizidisha tani zenu zote zilizosimama kwa bei ya dola, muulize kiwango rejea ni kipi, mradi umesajiliwa wapi kwa mujibu wa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, mkataba ni wa miaka mingapi, na moto ukipita nani anabeba hasara. Halafu mwombe muda wa kulipeleka mkutano mkuu wa kijiji. Mtu mwema hukubali. Lindi Vijijini tumewahi kuona vijiji vya mradi wa majaribio wa TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vikipata malipo ya majaribio, wananchi wakichukua mgao wao mkutanoni, na kule Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha kimataifa cha misitu kupitia shirika la MCDI, kwa sababu mipingo yao ilihesabiwa kabla ya kuvunwa. Kotekote huko karatasi ilitanguliwa na mkutano.

Sema "kati ya"

Hii ni fupi lakini ngumu. Ploti zako hazitatoa jibu moja. Moja ina tani nyingi, nyingine sifuri, na wastani wake una utata. Usiufiche. Mwambie afisa misitu akusaidie kukokotoa kiwango cha chini na cha juu, na uviseme vyote viwili mbele za watu. Tulikuwa na hofu kwamba madiwani wataona tunababaisha. Nikasema nao kwa korosho: kabla ya mnada wa kwanza, kuna mkulima wa Mtama anayejua kilo zake hasa? Anajua "haipungui hivi, haizidi hivi", na kwa makisio hayo anakopa na kulipa ada. Hawakuuliza tena.

Mezani

Namba ina msimu wake kama ufuta. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Sisi mwaka wa kwanza tulipeleka ripoti Mei, nzuri, ina ramani ya rangi. Tulipongezwa. Hapakuwa na shilingi iliyobaki ya kupongezea. Sasa tunapima Julai na Agosti, baada ya ufuta na kabla moto wa Septemba na Oktoba haujaanza kupita, tunakokotoa Oktoba, na Novemba karatasi ipo kata.

Karatasi iwe moja. Mbele: swali, jibu kwa kiwango cha chini na cha juu, sentensi moja ya namna mlivyopima, na mnachoomba. Nyuma: ramani. Ripoti ndefu ibaki kwenye begi. Aidha, mnachoomba kiwe kitu ambacho aliye mezani ana mamlaka nacho. Baraza la madiwani linaweza kuidhinisha sheria ndogo yenu na kutenga mafuta ya pikipiki ya doria. Haliwezi kubadilisha bei ya mkaa Dar es Salaam.

Njia ya sheria ndogo ni hii: kamati, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani. Usiruke mkutano mkuu ukidhani namba zimeshasema. Kwetu pendekezo lilikuwa kuzuia mashamba mapya upande wa juu wa kijito, ambako ploti zilionyesha miti mizito na mapengo yanasogea kila mwaka. Nikasoma namba. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Akasimama bibi mmoja, akaniambia, "Mwanangu, nimekusikia. Wajukuu zangu walime wapi?"

Sikuwa na jibu kwenye daftari, na halikupaswa kuwemo. Futi inaweza kukwambia ukifyeka hapa utapoteza nini. Nani apate ardhi hilo ni la watu kuamua. Mkutano uliahirishwa. Tulirudi baada ya wiki tatu na afisa kilimo, tukakaa na mpango wa matumizi ya ardhi, tukatenga mashamba ya zamani upande wa bonde, na afisa kilimo akaahidi kuwaonyesha watu namna ya kudhibiti magugu. Maana hiyo ndiyo siri ya ufuta: watu hufyeka pori jipya kwa sababu halina magugu, na msimu wa tatu wanahama. Sheria ikapita ikiwa na vipengele vyote viwili. Kile cha bonde hakikutoka kwenye ploti yoyote, na bila hicho kile cha kijito kingevunjwa mwezi huo huo.

Kwenye baraza la madiwani nilipewa dakika tano. Diwani mmoja, mtu mzima, akavua miwani. "Mama katibu, haya mmeyajuaje? Mna satelaiti?"

"Mheshimiwa, satelaiti hatuna. Daftari tunalo."

"Nionyeshe ploti ya sita."

Nikafungua. Tarehe, namba za GPS, aliyeshika kamba, aliyesoma futi, aliyeandika, miti kumi na tisa na mizingo yake, na pembeni kwa penseli: mvua, tumesimama nusu saa chini ya mkongo. Akasoma lile la mvua mara mbili. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe na bodaboda, akazungusha futi kwenye ule mkongo, akapata tofauti ya sentimita moja na yetu. Hilo nililipata kwa dereva.

Daftari

Basi daftari ndilo la kulinda kuliko kompyuta ya mtu yeyote. Tumia penseli, wino wa kalamu hukimbia ukilowa. Usifute ulipokosea, kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Ukurasa wangu wa mizingo bado upo, umekatwa hivyo, na kila mwanakamati mpya nauonyesha. Jioni ile ile piga picha kila ukurasa na utume kwa watu wawili walio nje ya kijiji. Nakala ya pili iandikwe kwa mkono, ikae kwa mtendaji, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Ndoo nimeijua kwa gharama. Daftari la mwaka wa kwanza lilikaa kwenye rafu ya ofisi masika yote, na mchwa walipanda ukutani wakaingilia nyuma yake. Lina tundu kuanzia ukurasa wa tisa hadi wa kumi na nne. Ploti ya nne ilikuwa humo, yote, na cha kulinganisha nacho mwaka huu hatuna. Julai tunaianza upya, jiwe jipya, na mzee amesema safari hii tupake rangi nyekundu.